Vijiko Vitano vya Mafuta

Usiku wa tarehe 1 Julai 1982, Glenn Allison aliingia katika ukumbi wa La Habra 300 Bowl, mjini La Habra, California, kucheza ligi kama alivyozoea. Alikuwa na miaka 52. Katika mchezo wa bolingi alikuwa amekula chumvi nyingi. Miaka ya 1960 alitwaa mataji matano ya wachezaji wa kulipwa, na kufikia mwaka ule jina lake lilikwishaingizwa katika orodha ya magwiji ya chama cha taifa. Alianza kwa straiki, yaani mrusho mmoja unaoangusha pini zote kumi. Akarusha tena, kumi. Akarusha tena, kumi.

Mchezo mmoja ukienda kwa straiki mwanzo hadi mwisho huwa na mirusho 12 na alama 300. Seti ya ligi ni michezo mitatu. Allison alimaliza wa kwanza kwa 300, wa pili kwa 300, na wa tatu nao ukaisha kwa 300. Mirusho 36, pini 360, hakuna hata moja iliyobaki imesimama. Alama 900 zilikuwa hazijawahi kuandikwa kwa jina la mtu yeyote katika daftari rasmi la mchezo huo.

Hazikuandikwa safari hii pia. American Bowling Congress (ABC), chama kilichokuwa na makao yake Wisconsin na ambacho ndicho kilichokuwa na kauli ya mwisho, kilikataa kuzitambua. Hakikusema Allison alikanyaga mstari. Hakikusema tufe lake lilizidi uzito, wala kwamba kuna aliyeghushi karatasi ya alama. Kilisema njia alizochezea hazikupakwa mafuta inavyotakiwa.

Asiyeujua mchezo huu atauliza: mafuta gani tena? Swali hilo lina historia ya miaka mia moja ndani yake, na watu wengi wanaokwenda kucheza bolingi siku ya sikukuu, wakavaa vile viatu vya kukodi na kurusha mpaka mkono ukachoka, huondoka bila kujua kwamba walikuwa wakicheza juu ya mafuta.

Njia ya bolingi ina urefu wa futi 60, yaani mita 18.29, kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza. Upana wake unazidi mita moja kidogo tu, na umegawanywa katika mbao 39 zilizolazwa kwa urefu. Kwa mbali njia nzima inang'aa sawasawa kama kioo. Lakini piga magoti karibu na mstari, pitisha kidole juu ya ubao: kidole kinateleza na kurudi kina utando wa mafuta. Nenda karibu na pini ufanye vivyo hivyo: kidole kinarudi kikavu. Mafuta ya njia nzima, kutoka mstarini hadi yanapokoma, kwa kawaida ni mililita 20 hadi 30. Hivyo ni kama vijiko vitano vya chai, vilivyotandazwa juu ya mbao kwa urefu wa futi 40 hivi. Utando huo mwembamba usioonekana kwa macho ndio unaoamua tufe lipinde wapi, lipinde kiasi gani, na lifike kwenye pini likiwa na nguvu au likiwa limechoka.

Tufe la mchezaji mzoefu lina uzito wa kilo sita hadi saba. Kanuni inakomea paundi 16, yaani kilo 7.26. Halirushwi linyooke. Vidole viwili huchomoka kwenye matundu baada ya dole gumba, na kwa kuchomoka huko hulipa tufe mzunguko wa ubavuni, mithili ya pia ya watoto iliyolazwa upande. Kwa hiyo tufe linakwenda mbele huku likijizungusha kuelekea pembeni. Juu ya mafuta mzunguko ule haufui dafu: tufe linateleza tu kuelekea liliporushwa. Likishayatoka mafuta linakutana na ubao mkavu, linauma, na ule mzunguko uliokuwa unapotea bure unageuka kuwa mwelekeo. Tufe linapinda. Mwisho linaacha kupinda na kubiringika kama gurudumu mpaka kwenye pini. Kuteleza, kupinda, kubiringika, yote hayo ndani ya sekunde mbili na nusu hivi.

Kwa nini watu wahangaike kulipindisha? Kwa sababu pini kumi zimepangwa pembe tatu, na tufe linalokuja limenyooka hugonga pini ya mbele na kusukumwa kando. Tufe lililopinda, kwa mchezaji wa mkono wa kulia, huingia kati ya pini ya 1 na ya 3 kwa pembe ya nyuzi nne hadi sita. Hapo hutokea jambo ambalo hata anayelijua hachoki kulitazama. Tufe lenyewe hugusa pini nne tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Pini ya 1 inaipiga ya 2, ya 2 inaipiga ya 4, ya 4 inaipiga ya 7. Upande wa pili, ya 3 inaipiga ya 6, nayo ya 6 inaipiga ya 10. Ya 5 inaimaliza ya 8. Ikiwa njia ni kavu kupita kiasi, tufe hupinda mapema, huishiwa nguvu njiani, na ile pini ya 10 ya pembeni hubaki imesimama. Ikiwa mafuta ni mengi, tufe hupinda kwa kuchelewa au halipindi kabisa, hugongana na pini kwa pembe finyu, na pini yenye kilo moja na nusu hulisukuma kando kabla halijaifikia ya 5. Mkono ni uleule, tufe ni lilelile, ila sakafu imebadilika.

Hayo yote hayakukusudiwa. Chama kilipoundwa tarehe 9 Septemba 1895, katika ukumbi wa Beethoven Hall mjini New York, waanzilishi wake walikuwa na jambo moja vichwani: kila mji ulikuwa na vipimo vyake, na haikuwezekana kulinganisha mchezaji wa Chicago na wa New York. Wakaweka vipimo vya pamoja vya njia, vya pini na vya tufe, na wakasema alama za juu kabisa ni 300. Sakafu yenyewe ilikuwa mbao tupu. Sehemu ya mwanzo, tufe linapotua, na ile pini zinaposimama, zilijengwa kwa mti wa mepo, mgumu wa kustahimili kishindo. Katikati paliwekwa msonobari, ulio laini zaidi. Juu yake ilipakwa vanishi ya sheleki, ile itokanayo na utomvu wa mdudu, ambayo mafundi seremala wa zamani waliitegemea duniani kote.

Matufe nayo yalikuwa ya mti. Walitumia lignum vitae, mti wa visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, mzito hata huzama majini kama mpingo wetu. Mti huo una kasoro moja: hupasuka na kumeguka kwa kupigwa. Mwaka 1905 likatokea tufe la mpira mgumu liitwalo Evertrue, na mwaka 1914 kampuni ya Brunswick, iliyokuwa imejijengea jina kwa meza za biliadi, ikaanza kulinadi tufe lake la Mineralite. Mpira mgumu ulitawala kwa zaidi ya nusu karne. Ulikuwa mweusi, hauna mapambo, na ulikaa vizuri juu ya vanishi zile laini. Babu na mjukuu waliweza kutumia tufe lilelile.

Kilichoharibika ni sakafu. Fikiria tufe la kilo saba linatua mahali palepale mara mamia kila usiku. Vanishi inachanika, ubao unabonyea, na baada ya majuma machache panachimbika kijia ambacho kila tufe linajikuta linakifuata. Wenye kumbi wakaanza kupaka mafuta kwenye futi za mwanzo ili tufe lipite bila kuuma. Walitumia kitambaa, fagio la kupakia, hata bomba la kupulizia dawa ya wadudu. Hakuna aliyefikiria kwamba anabadilisha mchezo. Ilikuwa ni kutunza mali, kama seremala anavyoipaka mafuta randa yake isishike kutu.

Lakini mafuta hayakai yalipowekwa. Tufe likipita hubeba kiasi na kwenda kukiacha mbele. Wachezaji wengi ni wa mkono wa kulia, basi upande wa kulia wa njia hukauka haraka na wa kushoto hubaki kama ulivyopakwa. Earl Anthony, mchezaji wa mkono wa kushoto aliyekuwa wa kwanza kupata zaidi ya dola 100,000 kwa msimu mmoja, mwaka 1975, alisikia maisha yake yote kwamba upande wake ni rahisi. Alishinda mara nyingi mno hata hoja hiyo peke yake isitoshe kumweleza, ila ubishi wenyewe unaonyesha jinsi sakafu ilivyokwisha kuwa mshiriki wa mchezo.

Baada ya vita vya pili vya dunia sheleki ilipisha laka, na laka nayo, kwa kuwa ni rahisi mno kushika moto, ikapisha vanishi za polyurethani. Hizi zilikuwa ngumu kuliko zote zilizotangulia. Zilidumu, zilisafishika, wenye kumbi wakafurahi. Wakati huohuo matufe ya plastiki ya poliesta, yenye rangi za kupendeza na ganda gumu, yalikuwa yameanza kuusukuma mpira mgumu pembeni. Ganda gumu juu ya sakafu ngumu yenye mafuta: tufe halikuwa na pa kuuma. Wachezaji waliokuwa wakipindisha tufe kwa raha sasa waliliona likiteleza mpaka mwisho.

Hapo ndipo anapoingia Don McCune. Mwaka 1973 alishinda mataji sita katika mzunguko wa wachezaji wa kulipwa na kutangazwa mchezaji bora wa mwaka, ilhali maisha yake yote alishinda mataji manane tu. Siri yake ilikuwa ndani ya ndoo. Alikuwa akilichukua tufe la plastiki na kulizamisha katika kiyeyushio kiitwacho MEK, kemikali kali ya viwandani inayotumika katika rangi na gundi, yenye harufu ya kuumiza pua na inayowaka kwa cheche ndogo. Ganda la tufe lilinyonya kile kiyeyushio na kulainika. Tufe laini hukaa juu ya ubao kwa eneo pana zaidi, kama tairi lililopunguzwa upepo, basi huuma hata mahali ambapo gumu linateleza.

Siri ya ndoo haifichiki. Wenzake wakaijua, nao wakaanza kuloweka matufe yao, wengine katika vyumba vya hoteli, wakivuta ule mvuke na kulala nao chumba kimoja. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote katika historia ya mchezo huu, na ni bahati kubwa hakikuishia pabaya zaidi. Vyama vikachukua hatua. Kikaletwa kipimo cha ugumu, kifaa chenye sindano inayobonyeza ganda la tufe na kusoma namba, na ABC ikaamua kwamba tufe lisipungue 72 kwenye kipimo hicho. Namba hiyo 72 tutakutana nayo tena.

Kanuni iliziba mlango mmoja na kufungua mwingine. Kama huruhusiwi kulilainisha tufe, basi tengeneza tufe la kitu kingine. Mwaka 1981 kampuni ya AMF ikaleta tufe liitwalo Angle, lenye ganda la yurethani. Lilitimiza ugumu unaotakiwa na bado liliuma ubao kuliko plastiki. Ndani ya miaka michache kila mchezaji mkubwa alikuwa nalo au na mfano wake, na plastiki ikabaki na kazi moja ambayo inaifanya mpaka leo: kwa kuwa haijali sakafu na hunyooka, wachezaji huitumia kuangusha pini moja iliyobaki pembeni.

Sasa turudi La Habra.

Kanuni ya wakati ule ilitaka mafuta yatandazwe kwa usawa kutoka mtaro mmoja wa pembeni hadi mwingine. Kwenye njia alizochezea Allison, ukaguzi ulikuta mafuta mazito katikati na kingo kavu. Mpangilio huo una faida iliyo wazi. Mchezaji akikosea akarusha nje kidogo, tufe linakutana na ukavu, linauma na kurudi ndani. Akikosea akarusha ndani kidogo, linakutana na mafuta na kuteleza badala ya kupinda kupita kiasi. Makosa ya pande zote mbili yanasahihishwa na sakafu, na njia inakuwa kama mfereji unaolipeleka tufe kwenye pini. ABC ilikuwa imepambana na kumbi za namna hiyo kwa miongo mingi. Wenye kumbi walijua mteja anayepata alama nyingi hurudi kesho, na kishawishi cha kumsaidia kilikuwa kikubwa. Chama kikiachia, alama zote za nchi zingekosa maana. Ninaielewa hoja hiyo na ninaiheshimu.

Ila jiulize nani aliyeadhibiwa. Allison hakushika fagio la mafuta. Wengine waliocheza ligi ile walicheza katika ukumbi uleule, na hawakupata 900. Njia ya mfereji inasamehe kosa la ubao mmoja au miwili, lakini haimfundishi mtu kurudia mwendo uleule wa miguu, bega na kiganja mara 36 huku moyo ukimdunda. Isitoshe mafuta hubadilika kila tufe linapopita: anayerusha wa kwanza anarusha juu ya sakafu moja, na anayerusha wa thelathini anarusha juu ya nyingine. Alizisoma zote. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Allison alicheza kwao akanyang'anywa. Alikata rufaa, akakataliwa.

Wakati rufaa ile ikiwa imelala, wakemia wa matufe hawakulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Nu-Line ilitoa tufe liitwalo X-Calibur, na mchezo ukageuka tena. Ganda lake lilikuwa yurethani iliyochanganywa na viambato vinavyoacha vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Vitundu hivyo hunyonya mafuta. Tufe la yurethani huyasukuma mafuta mbele na kuyaacha huko. Tufe hili jipya la resini huyabugia. Likiwa juu ya mafuta huteleza kuliko yurethani, na likitoka kwenye mafuta hukata kona kwa ghafla kana kwamba limeshikwa mkono. Wahandisi nao, Mo Pinel akiwa mmoja wa waliosikika sana, wakageukia tumbo la tufe. Badala ya kiini cha mviringo wakaweka kizito chenye umbo la taa, la pipa, au la ajabu kabisa lisilolingana pande zake, ili tufe liyumbe kidogo linapozunguka.

Kuyumba huko kuna kazi. Lichukue tufe la kisasa kutoka kwenye mtambo unaolirudisha, ligeuze kwenye mwanga wa taa. Utaona pete za mafuta juu ya ganda, moja karibu na nyingine, zikikutana mahali pawili na kutawanyika katikati kama kamba za mkeka uliolegea. Kila pete ni mzunguko mmoja wa tufe njiani. Kama tufe lingezunguka bila kuyumba pete zote zingelaliana, na lingekuwa linakanyaga ubao kwa sehemu ileile iliyokwisha lowa. Kwa kuyumba, kila mzunguko huleta ganda kavu chini. Mchezaji mzuri huzisoma pete zile kama mvuvi anavyosoma rangi ya maji: zimeenea kiasi gani, zinakomea wapi, zimekolea upande upi. Kisha hulipangusa tufe kwa taulo, kwa sababu mafuta akiyaacha yatamdanganya mrusho ujao.

Tarehe 2 Februari 1997, katika ukumbi wa Sun Valley Lanes mjini Lincoln, Nebraska, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 20, Jeremy Sonnenfeld, alirusha straiki 36 mfululizo. Njia zikakaguliwa, zikapita. Chama kikaandika alama 900 za kwanza kutambuliwa. Kijana yule alistahili kila pini, wala sitaki mtu asome hapa neno la kumpunguzia. Ila miaka 15 ilikuwa imepita tangu La Habra, na sakafu haikuwa tena ileile. Kanuni ya kupaka sawasawa ilikuwa imekwishaachwa. Badala yake chama kilitaka tu kwamba kila ubao uwe na angalau kiwango fulani kidogo cha mafuta. Zaidi ya hapo, mwenye ukumbi alikuwa na uhuru wa kuongeza katikati kadiri apendavyo.

Matokeo yanaonekana kwenye hesabu za chama chenyewe. Msimu wa 1968 hadi 1969, michezo ya 300 iliyotambuliwa Marekani ilikuwa 905. Msimu wa 1998 hadi 1999 ilikuwa 34,470. Binadamu hakubadilika hivyo kwa miaka 30. Kilichobadilika ni ganda, kiini, na zile mililita 20 au 30.

Kazi ya kupaka nayo haikubaki ya fagio. Mwaka 1982, mwaka uleule wa Allison, John Davis alianzisha huko Florida kampuni ya Kegel, ambayo mashine zake hutembea juu ya njia zenyewe, zikifuta mafuta ya jana na kupaka mapya ubao kwa ubao. Ilipowezekana kuandika mafuta kama mtu anavyochora ramani, ramani zikapewa majina. Chama cha wachezaji wa kulipwa kikaziita kwa wanyama: Cheetah ni fupi, mafuta yake hukomea futi 35, Shark ni ndefu, Badger ni ndefu zaidi, futi 52, hata tufe hubakiwa na futi nane tu za kupinda. Wachezaji wana hesabu yao ya kichwani: toa 31 kwenye urefu wa mafuta, jibu ndilo namba ya ubao ambapo tufe linapaswa kuanza kugeuka. Mafuta ya futi 40 yanakupa ubao wa 9. Ya futi 35 yanakupa wa 4, karibu kabisa na mtaro, na hapo mkono unatetemeka.

Kumbi za kawaida, zile za ligi na za sikukuu, zina mpangilio wake mmoja unaofanana karibu kila mahali: futi 40 hivi, mafuta mengi katikati, kidogo pembeni. Msomaji aliyefuata simulizi tangu mwanzo ameshautambua. Ni ule mfereji. Wanaotaka mtihani hucheza ligi za michezo halisi, ambako kanuni hairuhusu mafuta ya katikati kuzidi ya pembeni zaidi ya mara tatu. Alama za mtu anayehamia huko hushuka mwezi wa kwanza, na wengi hawarudi mwezi wa pili.

Tufe linalokunywa mafuta lina matatizo yake. Likishiba huacha kuuma, na mwenye nalo inambidi alizamishe katika ndoo ya maji ya moto na sabuni ya vyombo ili mafuta yatoke, kisha alisugue kwa msasa kulirudishia meno. Tatizo kubwa zaidi liko njiani. Wachezaji wanne wenye matufe ya resini wanaweza kuukausha upande mmoja wa njia kabla mchezo wa pili haujaisha, kila mmoja akisogea kushoto, kisha kushoto tena, akiyafuata mafuta yaliyobaki. United States Bowling Congress (USBC), iliyoirithi ABC mwaka 2005, iliona kwamba kuongeza mafuta hakutoshi. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2020 tundu la ziada lililokuwa likitobolewa kusawazisha uzito lilipigwa marufuku, na matufe mapya yakawekewa kikomo cha kasi ya kunyonya: tone la mafuta lisizame ndani ya ganda chini ya dakika 2 na sekunde 15.

Na ile 72? Mwaka 2022 ilirudi. Wachezaji wa mzunguko mkubwa walikuwa wameanza kuyarudia matufe ya yurethani, maana kwenye mafuta mafupi hupinda taratibu bila kushtua. Lililopendwa kuliko yote lilikuwa Purple Hammer. Baadhi ya yaliyotengenezwa mwaka 2016 na 2017 yalipopimwa yalikutwa yako chini ya kiwango cha ugumu, na USBC ikayazuia katika mashindano yake ya taifa. Hakuna aliyeyaloweka katika ndoo. Lakini kilichotafutwa na McCune mwaka 1973 kilikuwa kilekile: ganda laini juu ya sakafu inayoteleza.

Kwa hiyo nikirudi kwenye hukumu ya mwaka 1982, naiona hivi. Chama kilikuwa na haki ya kuusimamisha ukumbi, kuutoza faini, kuufunga hata. Kilikuwa na haki ya kuandika pembeni ya alama zile kwamba njia hazikuwa sawa, ili msomaji wa miaka mia ijayo ajue. Hakikutenda haki kuifuta kazi ya mtu kwa kosa la mpaka mafuta, na kosa hilo limezidi kuwa baya tangu mpangilio uleule uliomponza ulipogeuka kuwa wa kawaida katika kumbi za kila mji, ambako watu huandikiwa 300 zao kila wiki bila mtu kuuliza. USBC ina uwezo wa kulisahihisha jambo hili kwa mstari mmoja wa wino, na ingefaa ifanye hivyo.

Daftari lake leo lina majina ya zaidi ya watu 30 waliofikisha alama 900. La kwanza ni la Jeremy Sonnenfeld, tarehe 2 Februari 1997. La Glenn Allison halimo.